Kurekebisha Picha za Kidijitali Hatua kwa Hatua: Mwanga Kwanza, Ukali Mwisho

Watu wengi wakifungua picha kwenye programu ya kuhariri huanza na kile kinachoonekana haraka. Wanakoleza rangi, wanaongeza ukali, halafu ndipo wanaanza kuhangaika na uso uliobaki gizani. Baada ya nusu saa anga lina buluu isiyopatikana popote, ngozi imegeuka rangi ya chungwa, na kingo za majengo zimezungukwa na mstari mweupe. Mara nyingi tatizo ni mpangilio. Kila rekebisho hubadilisha msingi wa rekebisho linalofuata, kwa hiyo ukitanguliza lisilostahili kutangulia utalirudia, na kila ukilirudia picha inapoteza kitu.

Nitatumia GIMP kwa mifano kwa sababu ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Anayetumia Photoshop, Affinity Photo au programu ya simu kama Snapseed atazikuta nyingi kati ya zana hizi, japo mahali zilipowekwa panatofautiana. Majina ya amri nitayaandika kama yanavyosomeka kwenye skrini, maana ndivyo utakavyoyatafuta.

Picha tutakayoishughulikia ni ya aina inayopigwa kila siku. Mzee mwenye ngozi nyeusi ameketi kando ya dirisha, amevaa shati jeupe, nyuma yake kuna ukuta mweupe, na taa ya chumbani imewashwa. Ukuta umetoka wa kijivu, uso umezama gizani, na upande mmoja wa shati una umanjano. Kamera haikuharibika. Kipimo chake cha mwanga hulenga kuifanya picha nzima iwe na mwanga wa wastani, sawa na kijivu cha katikati. Ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi na kuupunguza, na anayeumia ni mwenye uso mweusi mbele ya ukuta mweupe.

Kabla ya kugusa chochote

Fanya nakala ya picha na uifanyie kazi nakala hiyo. Faili la JPEG hubanwa upya kila unapolihifadhi, na kila kubanwa kunatupa taarifa kidogo. Kwa hiyo kazi inayoendelea ihifadhi kwa muundo wa programu yenyewe, XCF kwa GIMP au PSD kwa Photoshop, na JPEG itolewe mara moja tu mwishoni.

Kama kamera au simu yako inaweza kupiga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, itumie kwa picha unazozijali. JPEG ina viwango 256 vya mwanga kwa kila rangi kati ya nyekundu, kijani na buluu. RAW ya biti 12 ina 4,096, na ya biti 14 ina 16,384. Tofauti hiyo huioni sana mpaka siku unapojaribu kuutoa uso gizani.

Halafu iangalie skrini yenyewe. Zima ile hali ya usiku inayotia skrini umanjano, ondoa skrini kwenye jua la dirishani, na usiweke mwangaza wake hadi mwisho. Anayehariri kwenye skrini iliyong'aa kupita kiasi hutoa picha za giza bila kujua.

Hatua ya 1: Nyoosha, kisha kata

Upeo wa bahari uliolala upande, au fremu ya dirisha iliyopinda, humsumbua mtazamaji hata asipojua kinachomsumbua. Kwenye GIMP chukua zana ya kupimia, Measure, vuta mstari juu ya kitu unachojua kimenyooka, kisha bonyeza Straighten. Hapo ndipo ukate.

Kukata kunakuja mapema kwa sababu hatua inayofuata inategemea kuhesabu pikseli, vile vitone vidogo vinavyounda picha. Kama kuna dirisha linalong'aa pembeni ambalo utaliondoa, liondoe sasa, la sivyo utakuwa unarekebisha mwanga kwa kufuata eneo ambalo halitakuwemo. Weka alama kwenye Delete cropped pixels ili sehemu uliyokata isiendelee kuhesabiwa; picha halisi bado unayo.

Hatua ya 2: Soma histogramu, kisha weka nyeusi na nyeupe mahali pake

Histogramu ni grafu ya idadi ya pikseli katika kila kiwango cha mwanga, kuanzia 0 kushoto, yaani nyeusi kabisa, hadi 255 kulia, yaani nyeupe kabisa. Hakuna umbo moja lililo sahihi. Picha ya usiku hulemea kushoto na ndivyo inavyotakiwa. Unachotafuta ni mambo mawili: kama grafu imegonga ukuta upande wowote, na kama kuna nafasi tupu ambayo picha haikuitumia.

Kwenye picha ya mzee kuna kilima kikubwa karibu na 190, ambacho ni ukuta na shati. Kuna kilima kidogo kati ya 25 na 60, ambacho ni uso. Kuanzia 215 kwenda kulia hakuna kitu. Picha yenye ukuta mweupe lakini isiyo na nyeupe yoyote! Ndiyo maana inaonekana imefifia.

Fungua Colors, kisha Levels. Utaona vitelezi vitatu chini ya histogramu. Cha kulia kisogeze hadi 220, ukiacha nafasi kidogo baada ya mwisho wa grafu. Cha kushoto kipeleke 10, pale grafu inapoanzia. Ukuta uliokuwa 190 sasa unasoma karibu 218, na weupe umerudi. Kitelezi cha katikati usikiguse bado.

Sasa tazama uso. Shavu lililo upande wa kivuli lilikuwa na nyekundu 52, sasa lina 51, kwa sababu kuvuta ncha zote mbili kumeufaidi ukuta na kumwacha mzee palepale. Anayeishia hapa atasema amerekebisha picha, na kweli ukuta umependeza, ila picha ni ya mzee. Uso utapata hatua yake mwenyewe baadaye, baada ya rangi ya mwanga kusahihishwa.

Kama histogramu imerundikana kwenye 255, sehemu hiyo imeungua. Pikseli yenye 255, 255, 255 haina taarifa yoyote ndani yake, na ukiipunguza mwanga utapata baka la kijivu. Kwenye RAW wakati mwingine kuna akiba unayoweza kuirudisha. Kwenye JPEG hakuna, na ni bora kuiacha nyeupe ilivyo.

Ukivuta Levels sana utaona histogramu imekuwa na mapengo kama meno ya kitana. Viwango 210 vimelazimishwa kuenea kwenye 256, lazima nafasi zibaki. Mapengo madogo hayaonekani kwa macho, lakini makubwa hujitokeza kwenye anga kama mistari ya ngazi. Ukijua kazi ni kubwa, nenda Image, Precision, uchague biti 16 kabla ya kuanza. Haitaongeza taarifa ambayo haikuwepo, ila itazuia makosa ya kukadiria yasirundikane hatua baada ya hatua.

Hatua ya 3: Ondoa rangi ya mwanga

Kila mwanga una rangi yake, na hupimwa kwa Kelvin. Taa ya umeme ya kizamani, ya waya unaowaka, iko kati ya 2,700 na 3,200, na ni ya manjano. Jua la mchana ni karibu 5,500. Kivuli chini ya anga safi hupita 7,000 na kina ubuluu. Ubongo wetu huirekebisha tofauti hii bila kutuambia, kamera hurekebisha kwa kubahatisha.

Na ubongo huohuo ndio unaotusaliti wakati wa kuhariri. Ukitazama picha yenye umanjano kwa dakika kumi, umanjano unatoka machoni na picha inaonekana sawa. Kwa hiyo hapa usiamini jicho, soma namba. Chukua zana ya kuchukua rangi, washa Sample average ili isome wastani wa pikseli kadhaa badala ya moja, na uguse kitu unachojua hakina rangi. Kitu cheupe au cha kijivu kinatakiwa kiwe na namba tatu zinazokaribiana.

Shati la mzee upande wa taa linasoma nyekundu 221, kijani 208, buluu 172. Buluu imepungua sana, ndiyo sababu ya umanjano. Upande wa dirisha shati hilohilo linasoma 205, 209, 216. Kuna mianga miwili ndani ya picha moja, na programu inaweza kusahihisha mmoja tu kwa wakati.

Chagua mwanga unaoangukia uso. Hapa ni wa dirisha. Rudi kwenye Levels, chukua alama ya kuchagulia kijivu, iliyo katikati ya zile tatu, na ubonyeze shati upande wa dirisha. Badiliko litakuwa dogo, na upande wa taa utazidi kidogo kuwa wa manjano. Uache. Ungesahihisha upande wa taa, uso ungeingia ubuluu, na ngozi yenye ubuluu humfanya mtu aonekane mgonjwa. Umanjano ulioko pembeni mtazamaji anaupokea kwa urahisi kwa sababu anaiona taa na anaelewa unakotoka. Ukizidi, utaupunguza kwa barakoa, zana ambayo tutaifikia.

Tahadhari mbili. Usichague sehemu ambayo chaneli yake moja, yaani namba ya nyekundu, kijani au buluu, imefika 255, maana namba hiyo imekatwa na uwiano wake si wa kweli. Na usiamini kila nguo nyeupe: sabuni nyingi za kufulia huacha kemikali inayong'aa kwa ubuluu ikipigwa na mwanga wa jua. Saruji au chuma cha kijivu kikiwemo kwenye picha, mara nyingi ni shahidi bora kuliko shati.

Kwa anayetumia RAW, hatua hii ifanye kabla ya Levels. Atakutana na kitelezi cha Kelvin ambacho kinawachanganya wengi: ukiongeza namba, picha inakuwa ya manjano zaidi. Sababu ni kwamba unaiambia programu mwanga ulikuwa wa rangi gani, nayo inafidia kinyume chake.

Picha za machweo na za mshumaa usizisafishe kwa namna hii. Watu walizipiga kwa ajili ya rangi ileile ambayo kijivu chako kingeiondoa.

Hatua ya 4: Uso

Hii ndiyo hatua inayostahili muda wako mwingi, na hasa kwa ngozi nyeusi, kwa sababu ndiyo inayoharibiwa mara nyingi na watu wenye nia njema.

Shavu la mzee kwenye kivuli linasoma nyekundu 51, kijani 36, buluu 29. Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi au nyeupe, karibu wakati wote ina nyekundu juu, kijani katikati na buluu chini. Kinachoipa rangi yake ni uwiano kati ya hizo tatu. Hapa nyekundu ni kama mara 1.76 ya buluu.

Sasa fikiria unaongeza mwanga kwa kuongeza 30 kwenye kila chaneli. Unapata 81, 66, 59. Uso umeng'aa, ndiyo, lakini uwiano umeshuka hadi 1.37, na ngozi imepauka kana kwamba imepakwa majivu. Zidisha badala ya kujumlisha, kwa 1.55, upate 79, 56, 45. Nyekundu imepanda karibu kiasi kilekile na uwiano umebaki palepale. Weusi umebaki weusi wake, wenye joto na kina.

Kwa vitendo, epuka njia yoyote inayoinua kivuli kizima kwa kiasi kimoja, ikiwemo kitelezi cha kung'arisha vivuli kikisukumwa hadi mwisho. Fanya hivi:

1. Rudufu tabaka la picha (Layer, yaani picha iliyowekwa juu ya nyingine kama karatasi), ili uwe na tabaka mbili zinazofanana.
2. Kwenye tabaka la juu fungua Colors, Curves. Ncha ya chini kushoto iache kwenye 0, usiiguse kabisa. Bonyeza mstari karibu na 50 na uinue hadi karibu 78. Weka nukta nyingine kwenye 200 na uirudishe palepale kwenye mstari ili sehemu zenye mwanga zisipande nazo.
3. Picha nzima itang'aa, usijali. Bonyeza tabaka hilo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Add Layer Mask, na uchague nyeusi. Rekebisho lote litatoweka. Barakoa nyeusi huficha, nyeupe huonyesha.
4. Chukua brashi laini, rangi nyeupe, nguvu yake iwe 20 hadi 30 kwa mia, na upake juu ya uso polepole. Kila unapopita, mwanga unaongezeka kidogo. Ukipitiliza, geuza rangi iwe nyeusi na ufute.

Usijaribu kuufanya uso wote uwe sawa. Upande wa dirisha ulikuwa na mwanga zaidi na uendelee kuwa nao, tofauti hiyo ndiyo inayoupa uso umbo. Vilevile ule mng'ao ulioko kwenye paji la uso na mfupa wa shavu ulinde. Kwenye ngozi nyeusi mng'ao ndio unaochora sura, na zana za kulainisha ngozi huufuta kwanza kabla ya kitu kingine. Mimi zana hizo kwa uso wa mtu mzima sizitumii kabisa.

Ukimaliza, washa na uzime jicho la tabaka hilo mara kadhaa. Ukiona mpaka wa mahali brashi ilipoishia, barakoa inahitaji kulainishwa kwa Gaussian Blur.

Barakoa hiyohiyo ndiyo ya kupunguza umanjano wa upande wa taa: rudufu tena, punguza ukolezo wa rangi, weka barakoa nyeusi, paka pale tu.

Hatua ya 5: Madoa

Tengeneza tabaka jipya kwa Layer, New from Visible, chukua zana ya Heal, washa Sample merged, shikilia Ctrl na ubonyeze sehemu safi ya jirani, kisha paka juu ya doa. Heal huchukua umbile la mahali ulipobonyeza na kulichanganya na rangi ya mahali unapopaka. Karibu na mpaka mkali, kwa mfano pale shati linapokutana na shingo, Heal huvujisha rangi ya upande wa pili, na hapo Clone hufanya kazi nzuri zaidi kwa sababu inanakili bila kuchanganya.

Doa linalorudi mahali palepale kwenye kila picha ni vumbi kwenye kihisi cha kamera. Safisha kihisi, usihangaike na picha mia.

Kuhusu uso, ondoa kilicho cha muda, kama chunusi au uzi uliodondokea begani. Kovu na mikunjo ya mzee ni vya kwake, viache isipokuwa mwenyewe ameomba. Picha ya habari ni jambo jingine kabisa, humo haondolewi wala haongezwi mtu au kitu.

Hatua ya 6: Chenga na ukolezo wa rangi

Kuinua kivuli kumezitoa chenga, yaani vitone vya ovyo, zilizokuwa zimejificha, ndiyo sababu tumezisubiri hadi sasa. Tazama picha kwa ukubwa wa 100 kwa mia. Chenga za rangi, yale madoadoa mekundu na ya kijani, zipunguze bila huruma. Chenga za mwanga tu zipunguze kidogo, kwa sababu zikiisha zote uso unakuwa wa plastiki. Picha za simu huwa zimeshasafishwa na simu yenyewe, mara nyingi hazihitaji zaidi.

Ukolezo wa rangi ongeza kidogo tu kama bado unahisi haja. Mwanga na rangi ya mwanga vikishakaa sawa, haja hiyo mara nyingi huwa imekwisha.

Hatua ya 7: Ukubwa, kisha ukali

Hifadhi kwanza faili lako la XCF, halafu fanya nakala kwa Image, Duplicate. Hatua hii ifanyike kwenye nakala tu.

Kwa kuchapisha hesabu pikseli 300 kwa inchi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 inahitaji pikseli 1,181 kwa 1,772, na ya A4 inahitaji 2,480 kwa 3,508. Kwa skrini, pikseli 2,048 upande mrefu zinatosha sana. Ile namba ya 72 kwa inchi ambayo watu huambiwa waiweke kwa ajili ya intaneti haibadilishi chochote, skrini huhesabu pikseli tu.

Kisha Filters, Enhance, Sharpen (Unsharp Mask). Zana hii haivumbui maelezo mapya. Inatafuta mahali giza linapokutana na mwanga, inazidisha giza upande mmoja na mwanga upande wa pili, na jicho linaona kingo kali. Ndiyo maana lazima ije baada ya kubadili ukubwa: upana wa kingo hupimwa kwa pikseli, na ukipunguza picha baadaye kazi yote inapotea. Kwa skrini anza na Radius, yaani upana huo, 0.7, na Amount, yaani nguvu, 0.5. Kwa karatasi Radius inaweza kufika 1.5. Ukiona uzi mweupe ukizunguka bega la mzee, umezidisha. Picha iliyotikisika au iliyokosa fokasi haiokolewi hapa, na kuisukuma kunaongeza chenga tu.

Hatua ya 8: Toa faili

File, Export As, JPEG, ubora 85 hadi 90. Wasifu wa rangi uwe sRGB, ambao karibu kila skrini na kila mashine ya kuchapisha picha inauelewa. Adobe RGB, wasifu mwingine, ikifunguliwa kwenye programu isiyoitambua hutoa rangi zilizofifia, na watu hudhani kosa ni la mhariri.

Kwenye dirisha hilohilo ondoa alama kwenye Exif, taarifa zinazoambatana na faili, kama picha imepigwa nyumbani kwa mtu na inakwenda hadharani. Simu nyingi huandika humo mahali picha ilipopigwa.

Ukiituma kwa programu ya ujumbe kama picha ya kawaida, itabanwa tena na ukali wote ulioupima utapotea. Itume kama hati, ifike ilivyo. Faili la XCF lenye tabaka zote lihifadhi kwenye diski pamoja na picha halisi. Siku familia ya mzee ikitaka nakala ya A4 ya kuweka ukutani, utafungua hilo, utarudufu, na kuanzia hatua ya 7.